Nani Alinyolewa kwa Bwana Kinini

Ofisi imeniomba niandike kitu kwa ajili yenu mnaoanza kazi ya kutafuta familia. Nadhani walitaka kanuni. Kanuni zimo kwenye faili la kijani kabatini, na katika miaka yangu yote sijaona mtu aliyempata ndugu yake kwa kulisoma faili lile. Mimi nitaandika nilivyofanya, pamoja na mahali nilipoharibu.

Niliacha shule Bukavu nikiwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa akitufundisha mito ya Ubelgiji, nami nilitaka kujua Ruzizi unapita wapi ukishatoka ziwani, nikaenda kuangalia. Niliporudi baada ya wiki tatu, nafasi yangu kwenye benchi ilikuwa imepata mtu mwingine. Basi nikaendelea kuangalia. Nimebeba saruji Bugarama, nimeuza ndagala Uvira, nimekuwa tanboi wa lori la mbao, nimelinda shamba la chai lisiloibiwa na mtu. Hakuna mahali nilipomaliza miaka miwili. Mama yangu alisema nina miguu ya mbuzi aliyekata kamba.

Baada ya vita ya kwetu Rwanda, wazee waliokimbilia Kongo zamani walikuwa wanarudi, wengine walikuwa wanakimbilia huko, na watoto walikuwa wamebaki njiani kila upande. Ndipo ofisi yetu ilipofunguliwa Kamembe, ng'ambo ya Bukavu, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Walitaka mtu anayejua Kiswahili cha Bukavu, Kinyarwanda, Kimashi cha kusalimia, na njia za miguu. Siku ile hawakuuliza diploma. Walipokuja kuiuliza, nilikuwa nimeshazoea kiti.

Siku ya kwanza nilipewa ubao wenye picha za watoto, nikatumwa sokoni. Nilisimama kati ya wauza mihogo na wauza viatu, nikawa napiga kelele za majina: huyu anaitwa fulani, baba yake fulani. Kutwa nzima sikupata hata mmoja. Jioni Papa Laurenti akaja kunitazama. Alikuwa katekista zamani, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, na ndiye aliyekuwa mkubwa wangu, ingawa hakuna karatasi iliyosema hivyo.

“Siriaki, unauzisha nini?” akaniuliza.

“Naita majina, Papa.”

“Majina! Muntu aliyepita barrière tano ya basoda ana majina tano. Acha majina. Uliza mutoto: kwenu kulikuwaka kilio? Nani alikuya? Nani aligombana? Nani alikataa kula?”

Nilidhani ananitania. Lakini kesho yake niliketi na msichana mmoja ambaye hakujua jina la baba yake wala la kilima chao. Alikumbuka tu kwamba bibi yake alipozikwa, mzee mwenye kidole kilichokatika alisusa maharage kwa sababu yalipikwa bila mawese, na wanawake wakamcheka. Nikapita Rwimbogo nzima nikiuliza habari ya mzee na maharage yake. Siku ya pili mwanamke mmoja akacheka kabla sijamaliza kusema. “Huyo ni shemeji yangu,” akasema, “na mpaka leo anasusa.” Mtoto akalala kwao usiku uleule.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Daftari la mistari, lisilo kubwa, maana mtu akiona daftari kubwa anadhani unamwandikisha kodi. Biki mbili, moja ya kuandikia, nyingine ya kuazima, kwa sababu hairudi. Bote za mvua. Na mfuko wa plastiki wa kufungia daftari. Siku hizi umepigwa marufuku, na ni haki, lakini sijapata kitu kingine kinachofanya kazi ile kwenye mvua ya msitu wa Nyungwe.

Sasa nije kwenye kesi niliyotaka kuwaeleza.

Vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeanza. Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi, mpaka ulikuwa ukifungwa asubuhi na kufunguliwa mchana bila mtu kueleza, lakini akina mama walikuwa wanavuka tu na nyanya zao. Asubuhi moja akaingia ofisini Maman Tereza. Kamembe nzima walimjua: mwanamke mnene, mweupe, mwenye nywele laini alizozificha chini ya kilemba, aliyeuza vitenge sokoni na kuitwa Maman Mudachi. Baba yake, Karoli, alikuwa mzungu aliyekulia kwetu na kuoa kwetu. Na juu ya Karoli kulikuwa na mkulima wa Kidachi aliyekuja zama za Wadachi na kupanda miti ya kwinini karibu na msitu, juu ya Bweyeye. Watu walimwita Bwana Kinini. Inasemekana Wabelgiji walipoingia walimwondoa, kisha wakamrudisha, kwa sababu miti ilikuwa inakufa na hakuna aliyejua kuitunza.

“Maman, nani amepotea?” nikamwuliza.

“Hakuna muntu amepotea. Mi nataka unitafutie baba-koko bangu.” Yaani babu zake.

Binti yake, Esperansi, alikuwa amechumbiwa na Deo, kijana wa Bukavu mwenye lori. Mambo yalikuwa yameshakwenda mbali. Pombe ya kwanza ilikuwa imeshanywewa. Kisha siku moja baba yake Deo, Papa Fransisko, akataja kwenye maongezi kwamba mama yake mzazi, marehemu Anna, alizaliwa kwa Bwana Kinini. Akasema kwa majivuno, bila kufikiri mbele. Watu wakaanza kuhesabu. Kama Anna alikuwa binti wa Kinini, basi Karoli na Anna walikuwa kaka na dada, na watoto hawa wawili walikuwa wa damu moja. Padri aliulizwa akasema kwamba kwa sheria ya kanisa umbali ule unatosha. Lakini padri hatazaa nao, wakasema akina mama, na kwetu ndugu haolewi na ndugu hata mkihesabu mpaka vidole viishe.

“Na wewe unaonaje, Maman?” nikamwuliza.

“Anna alikuwa mutoto wa kazi! Mama yake alikuwa anafagia kwa Kinini. Papa yangu njo mutoto wa ile nyumba. Mumuangalie sura, mumuangalie pua! We andika tu vile, batoto baoane.”

Nikavuka kwenda Bukavu kumsikiliza Papa Fransisko. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, fundi wa radio. Aliendelea kutengeneza radio wakati wote niliokuwa naongea.

“Mama yangu alikuwa mutoto wa Kinini,” akasema. “Alinambia yeye mwenyewe, na hakuwa muntu wa bongo, hakudanganyaka.”

“Ikiwa ni kweli, kijana wako hataoa.”

Akaweka bisibisi chini. “Njo ile inaniumiza. Nikisema kweli, naharibu ndoa ya mutoto. Nikidanganya, namutukana mama yangu ndani ya kaburi. Weye ungefanya nini?”

Nilifurahi, nakiri. Hapa kulikuwa na mtu anayejivunia jambo ambalo angetamani lisiwe kweli, na kule kulikuwa na mwanamke ambaye majivuno yake na haja yake vilivuta upande mmoja. Watafutaji wenzangu, ogopeni sana mtu ambaye ukweli anaoutaka ndio unaomfaa.

Karatasi hazikusaidia. Vitabu vya ubatizo vya miaka ile vilikuwa vimelowa vikawa tofali. Nikakumbuka maneno ya Papa Laurenti kuhusu kilio. Bwana Kinini alikufa kilimani pale, amezikwa pale. Basi nani alikuja?

Kwetu kuna kitu kinaitwa umuse. Watu wa koo za kale, zile zilizoikuta ardhi kabla ya wengine, ndio wanaompa mgeni ruhusa ya kukaa juu yake. Hujengi bila mtu wao, ndiye umuse, kushika nguzo ya kwanza. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwanyoa watoto wa marehemu na kuwatoa kwenye msiba, ili wapande mbegu na kuoana tena. Kinini, kwa vile alitaka wafanyakazi wasikimbie, alikubali umuse amshikie nguzo kama mtu yeyote. Nikauliza Bweyeye, nikaambiwa umuse wa kilima kile alikufa zamani, lakini binti yake yupo, mukecuru Nyiramana, bibi kizee aliyekuwa msichana mkubwa Kinini alipozikwa na aliyebeba maji ya kunyolea.

Kwenda Bweyeye wakati ule haikuwa matembezi. Watu wenye silaha walikuwa wanapita msituni, na wanajeshi walikuwa wanauliza kila mtu anakwenda wapi na kwa nini. Niliwaambia nakwenda kuuliza habari za mzungu aliyekufa. Yule mkubwa wao alinitazama muda mrefu, akasema mtu mwenye kosa angetunga uongo mzuri zaidi, akanipisha.

Miti ya kwinini ilikuwa bado ipo kando ya msitu, imekuwa mikubwa, gome limechunwa na watu wa homa. Nyumba ilikuwa imebaki ngazi tatu za mawe zinazopanda kwenye majani. Nilikaa juu ya ngazi zile nikala viazi vyangu. Nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayetoka kwenye theluji kuja kupanda dawa ya homa mahali pa baridi ambapo mbu hawafiki. Bado najiuliza.

Nyiramana alikuwa mdogo wa mwili, na macho yake yalinitazama moja kwa moja. Aliongea Kinyarwanda, nayaandika maneno yake kwa Kiswahili. Alinipokea kwa heshima kubwa. Alinipa kigoda kizuri, akauliza hali ya safari, akaniita bwana. Nikafungua daftari.

“Anna alikuwepo Kinini alipozikwa?”

“Alikuwepo.”

“Alinyolewa?”

“Alinyolewa. Baba yangu alimnyoa kwa mkono wake, mimi nikashika maji.”

“Mfanyakazi ananyolewa?”

“Mfanyakazi ananyolewa kwa baba yake mwenyewe.”

Nikafunga daftari. Jibu lilikuwa safi kama maji ya jiwe. Nikamshukuru, naye akanisindikiza hadi kwenye ua, jambo ambalo lilinifurahisha. Nilipaswa kuogopa.

Nikarudi Kamembe, nikawaita wote wawili, nikasoma: Anna alikuwa binti wa Bwana Kinini. Papa Fransisko alifunika uso kwa mikono. Maman Tereza aliniambia nimekula rushwa ya watu wa Bukavu, akatoka, akarudi kuchukua mwavuli wake, akaniambia tena. Uchumba ukavunjwa wiki ile ile.

Siku chache baadaye Esperansi mwenyewe akaja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana mpole, na hakuketi.

“Papa Siriaki,” akasema, “batoto ya bantu bote unabarudishaka kwabo. Mi peke yangu njo umenitoa kwangu.”

Akaenda. Nilikaa na ubao wangu wa picha mpaka Papa Laurenti akaniuliza kama nimeugua. Nikamweleza yote, tangu ngazi za mawe hadi mukecuru kunisindikiza uani.

“Alikupatia kiti?” akauliza.

“Kizuri.”

“Akakuita bwana? Hakukutukana hata kidogo?”

“Hata kidogo, Papa. Mtu wa heshima sana.”

Papa Laurenti akavua kofia yake, kitu ambacho hakukifanya hata kanisani. “Siriaki, miguu unayo, lakini akili ulisahau shule. Umuse na bantu ya ile nyumba banatukanana! Njo heshima yabo. Akikuheshimu, ni kusema uko muntu wa njia. Na muntu wa njia anajibiwa kile anauliza, basi. Mambo ya ndani anaambia bantu ya ndani. Ulimuuliza Anna. Ulimuuliza na Karoli?”

Sikuwa nimemwuliza Karoli. Ni nani angemwuliza Karoli? Mzungu, mwana wa mzungu, aliyezaliwa na Bibi aliyeletwa kutoka Udachi: hakuna mtu hata mmoja, hata maadui zake, aliyewahi kusema Karoli si wa nyumba ile. Nilitafuta jibu pale tu watu walipokuwa na shaka. Liandikeni hili: shaka ya watu inakuonyesha pale wanapotazama, na jambo lenyewe mara nyingi limekaa nyuma ya migongo yao.

Kuwashawishi wale wawili wapande kilima pamoja kulinichukua mwezi mzima na mpaka uliofungwa mara mbili. Papa Fransisko alikubali kwa ajili ya mwanawe. Maman Tereza alikubali kwa sababu alitaka kumsikia mukecuru akikana maneno yangu. Tulikodi gari hadi lilipokwama, kisha tukatembea. Walitembea mmoja mbele yangu na mwingine nyuma, na kwa saa nzima walizungumza kupitia kwangu.

“Muambie apunguze mwendo, hatuko ku mbio,” alisema Maman Tereza.

“Muambie huku njo alizaliwa papa yake, angejua njia,” alisema Papa Fransisko.

Tulimkuta Nyiramana akipepeta maharage. Sikusema kitu, nilikuwa nimewaambia wajitaje wenyewe. Maman Tereza akasema: “Mimi ni Tereza, binti wa Karoli wa Kinini.” Papa Fransisko akasema: “Mimi ni Fransisko, mtoto wa Anna wa Kinini.”

Mukecuru akaweka ungo chini. Akawatazama kuanzia miguuni.

“Loo,” akasema. “Nilisikia kitu kinapumua bondeni nikadhani ni ng'ombe wa mahari amepotea, kumbe ni wewe, mama! Umekula mji mzima? Na huyu mrefu, umemleta akushike usiviringike? Babu zenu walikuja hapa wakila hadi kamba za magunia. Mmekuja kumalizia ungo wangu?”

Maman Tereza akanigeukia, uso umewaka. “Siriaki! Ulinipandisha huku ili banitukane?”

Lakini Papa Fransisko, mtu yule mkimya, alikuwa anacheka. Akajibu kwa Kinyarwanda alichofundishwa na mama yake: “Na wewe je, binti wa mnusa pombe? Baba yako hakuwa ananyoa watu, alikuwa anatafuta msiba ulioiva! Mama yangu alisema wembe wake ulikuwa butu mpaka wafiwa walilia mara ya pili!”

Nyiramana akapiga makofi. “Huyu ni wa Anna! Huyo ndiye Anna mwenyewe!” Kisha akamtazama Maman Tereza akangoja. Tulingoja wote. Niliona Maman Tereza akielewa polepole, kama mtu anayesikia wimbo alioimbiwa akiwa mchanga.

“Meno yako yamebaki mawili,” akasema hatimaye, “na bado unauma.”

“Eeh!” mukecuru akasema. “Na huyu naye kalelewa na mtu wa hapa. Kaeni chini, vichaa nyie.”

Hapakuwa na vigoda vizuri safari hii. Tuliketi chini, tukapewa pombe ya ndizi, na Maman Tereza akauliza jambo alilolijia, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

“Kinini alipokufa, baba yangu Karoli ndiye aliyenyolewa wa kwanza, si ndivyo?”

Nyiramana akafuta mdomo wake. Akaniangalia mimi, akaamua nikae.

“Baba yako hakunyolewa,” akasema.

Akaeleza taratibu. Bibi wa Kinini alipopanda kilima mara ya kwanza, alikuwa na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitambaa kama anavyofunga mwanamke wa kwetu, maana wapagazi walikuwa wamemfundisha njiani. Mtoto huyo alikuwa Karoli. Mume wa Bibi alikuwa Mdachi mwingine, aliyekufa kwa homa upande wa Tanganyika, akazikwa njiani. Kinini alimwoa mjane huyo baadaye, akamlea mtoto, akampa jina. Hawakupata mtoto mwingine. Bibi akafa. Kinini akakaa na mwanamke wa kilima kile, na ndipo Anna akazaliwa.

“Watu wa nyumba tulijua,” alisema. “Siku ya kunyoa, baba yangu akaita mwana wa marehemu. Watu wote wakamtazama Karoli. Alikuwa mzungu lakini kakulia hapa, mila aliijua kuliko vijana wetu. Akasimama akasema, ‘Si mimi. Mzee huyu alinilea na nimemlia, lakini nikinyolewa nitakuwa nimeiba. Mwiteni Anna.’ Akamshika mkono Anna akamketisha mwenyewe. Anna alikuwa msichana mdogo, analia, anaogopa wembe. Baba yangu alisema tangu siku hiyo hajaona mtu mkweli kama yule mzungu.”

Mimi nilikuwa nimeshaona: Esperansi na Deo hawakuwa na hata tone moja la damu ya pamoja. Nilitaka kuruka. Kisha nikamwona Maman Tereza. Aliyekuwa mjukuu wa Kinini kwa maisha yake yote, sokoni, kanisani, mpakani, alikuwa ameketi chini akiwa mjukuu wa mtu aliyezikwa njiani, na yule aliyemwita mtoto wa kazi ndiye aliyekuwa na kilima.

Tulishuka. Safari hii walitembea sambamba, mimi nikiwa nyuma. Karibu na Bweyeye, Papa Fransisko akasimama.

“Maman,” akasema, “siku ya kuomba musichana, bazee bataulizana koo. Weye sema Anna alikuwa mutoto wa kazi, vile ulikuwaka unasema. Ndoa itapita vile vile. Mi nitanyamaza.”

“Utamukana mama yako?”

“Nitanyamaza. Kunyamaza hakuna sauti.”

Maman Tereza akanigeukia. Aliniuliza mimi kama nitaandika ripoti. Nikamwambia ripoti ni ya familia, nitaandika siku familia itakaponiambia niandike nini. Kanuni hiyo haimo kwenye faili la kijani, na kama kuna mkubwa anayesoma hapa, anisamehe, tayari nimestaafu.

Siku ya kuomba ilikuwa Jumamosi, uani kwa Maman Tereza, mahema mawili yakielekeana. Mpaka ulikuwa wazi tangu alfajiri na watu wa Bukavu walikuja wengi, wakihofia utafungwa kabla hawajala. Nilikaa upande wa bibi harusi, nyuma. Sikujua atasema nini. Papa Fransisko, ng'ambo ya ua, hakujua pia. Nilimwona akizungusha kifuniko cha soda kati ya vidole.

Wasemaji walianza mchezo wao wa kawaida: nyie ni nani, mmepotea njia, hapa hakuna msichana. Kisha msemaji wa upande wa Deo akauliza kwa utaratibu: “Tunaomba kwa nani? Nyumba hii inaanzia wapi?”

Msemaji wetu, mzee aliyezoea, akajibu: “Inaanzia kwa Bwana Kinini, aliyepanda miti juu ya...”

“Hapana,” akasema Maman Tereza.

Mama wa msichana haongei siku hiyo. Msemaji wetu alibaki mdomo wazi. Maman Tereza alikuwa amesimama, kilemba kimenyooka.

“Inaanzia kwa Karoli,” akasema. “Papa yangu alikuya ku mugongo ya mama yake. Kinini alimulea, hakumuzaa. Kinini ni wenu. Anna alikuwa mutoto yake, na miye niliongopa miaka mingi. Papa Fransisko, unisamehe mbele ya bantu.”

Papa Fransisko aliinamisha kichwa. Kifuniko kilimdondoka. Upande wa Bukavu kulikuwa na minong'ono, na mzee mmoja mwenye fimbo, mtu wa kutafuta dosari, akasimama.

“Na baba yake huyo Karoli alikuwa nani? Tusije tukaoa ndugu kwa mulango wa nyuma. Kama alikuwa ndugu ya Kinini?”

“Muulizeni huyu,” akasema Maman Tereza, akininyooshea kidole. “Njo kazi yake kujua bantu.”

Mahema yote mawili yakanigeukia. Nilisimama. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimetafuta jina la yule mtu aliyezikwa njiani: kwa mapadri wazee, kwa mabaharia wa ziwa, kwa kila mtu aliyewahi kusikia neno la Kidachi. Mukecuru alijua tu kwamba Kinini hakuwahi kumwona mtu yule. Alimkuta mjane peke yake ziwani. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Nilimwona Esperansi kwenye pazia la mlango, amelishika kwa mikono miwili.

“Kinini hakumjua,” nikasema. “Na mimi pia sijui. Hakuna anayejua.”

Sikuwahi kusema hivyo mbele ya watu katika kazi yangu yote. Mzee mwenye fimbo akafungua mdomo, lakini msemaji wa Bukavu alimtangulia.

“Weye kama unataka kumujua, nenda Udachi ukaulize,” akamwambia. “Shiye tutakungojea hapa tukikula. Muntu asiyejulikana na yeyote hawezi kuwa ndugu yetu.” Kisha akatugeukia, akavua kofia. “Tunaomba musichana wa Karoli.”

Na Maman Tereza akampa.